Ukurasa Uliotafunwa na Mashine

Kaka yangu mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ina wiki tisa sasa, na kila nikishika kalamu mtoto naye anaishika. Anaota meno ya juu, basi analia yeye, nachoka mimi, na shemeji yako anaamka akisema tumelala vizuri. Habari za huko? Mgongo unaendeleaje tangu wakuteremshe kwenye gari la mikate wakakupa kubeba makreti? Wifi hajambo? Wanangu wanasoma? Sisi wazima, tukiacha usingizi.

Uliniuliza kama ni kweli sheria ya leseni inabadilishwa. Ni kweli, na nimeijua kwa njia ya ajabu kidogo. Mahakama iko ng'ambo ya barabara, kwa hiyo karatasi zao nyingi zinakuja kutolewa nakala hapa dukani kwetu. Mwezi uliopita karani wao, mfupi mmoja tunayemwita Koma kwa sababu hamalizi sentensi, alileta muswada wa kurasa kumi na nane akataka nakala thelathini. Kazi yangu ni kutoa nakala, si kusoma, lakini nilipoona "leseni" na "ulevi" macho yaligoma kuondoka.

Nilimuuliza Koma maswali mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba sasa hivi mtu akifungiwa leseni kwa kuendesha amelewa, shauri lake linasikilizwa makao makuu tu. Ndiyo maana wewe una miezi mitano unangoja na hata tarehe hujapewa. Muswada ukipita, shauri litakwenda mahakama ya pale alipokamatwa, na lisizidi siku thelathini. Nikauliza, na waliokwisha kufungiwa je? Akasema na wao pia, wakiomba kwa maandishi. Yaani wewe, uliyekamatwa kwenye mzunguko wa kutokea mji wetu huu, ungesikilizwa hapa, hatua arobaini kutoka kwenye mashine yangu. Nilifurahi mpaka nikasahau kuongeza karatasi.

Kisha mashine ikautafuna ukurasa wa kumi na moja. Karatasi zilizoharibika huwa nazipeleka nyumbani mtoto achorechore. Huo nikausoma jikoni nikimlisha. Ukurasa huo ulisema kwamba aliyetoa taarifa kwa polisi ataitwa mahakamani, ataje jina lake, na aulizwe maswali mbele ya mwenye leseni. Makao makuu hawafanyi hivyo. Kule jina linabaki ndani ya faili. Niliusoma mara tatu, mtoto akininyang'anya kijiko.

Wiki iliyopita wakaita mkutano wa maoni. Nikaenda na mtoto mgongoni, nataka kusikia watu wanasemaje. Dereva mmoja wa lori akalalamika kwamba hakimu wa hapa anawajua wote, wao na wake zao. Sauti ikatoka nyuma ikasema ndiyo maana unaogopa. Bibi mmoja muuza mboga akauliza kama hakimu naye atapulizishwa kile kifaa cha kupimia ulevi kabla hajakaa kitini. Watu wakavunjika mbavu, lakini bibi akamkazia macho ofisa aliyekuwa akiandika maoni: hilo ni swali, aliandike. Akaliandika. Bwana mmoja mwenye tai akataka ukurasa wa kumi na moja uondolewe. Hapo nikanyoosha mkono. Nikasema naunga mkono muswada wote, na ukurasa huo ubaki. Nilipaza sauti mpaka mtoto akaamka.

Sasa nikwambie kwa nini nilinyoosha mkono. Unamlaumu Redio, dereva mwenzako, kwamba ndiye aliyekuchoma kwa trafiki, kwa sababu mlipishana njiani siku ile na sasa anaendesha gari lako la mikate. Wifi anasema hata salamu yake huitiki. Redio hana kosa, kaka. Ni mimi.

Ile Jumapili ulipoinuka mezani kwetu, ulitaka kushika kiti ukashika hewa. Nilikuomba ulale. Ukacheka, ukasema barabara inakujua. Ukatoka. Namba za gari lako la nyumbani nazijua kwa moyo. Nilisimama dirishani nikapiga simu, na mkono uliopiga ndio huu unaoandika. Shemeji yako aliniambia ninyamaze, hutajua maisha. Labda. Lakini bora umchukie aliyefanya kuliko asiyefanya, na bora usikie kwangu kabla hujasikia kwa hakimu. Wakiniita nitavuka barabara niseme nilichokiona. Nitasema pia kwamba kwa miaka kumi na mitatu hujagonga hata kuku. Nisingependa kukudanganya: leo ingekuwa Jumapili ile, ningepiga tena.

Wifi unisalimie sana, wanangu uwabusu, na Redio umpe mkono kwanza ndipo umpe salamu zangu. Shemeji yako anakusalimu. Mpwa wako mdogo naye ameshakusalimu, huo mstari uliopotoka pembeni ni wake.

Mdogo wako,
Maswali

N.B. Nataka ombi lako liwe tayari siku muswada utakapopita, na nitalichapa mwenyewe. Kwa hiyo nitumie ile barua ya kufungiwa leseni, yenyewe, si picha ya simu. Karatasi ya kipimo cha pumzi, hata kama umeikunja. Picha mbili ndogo, zisizo na kofia. Barua ya bosi wako wa mikate, iwe na muhuri. Na kwa kuwa wifi amenidokeza kwamba Jumapili huwa unaliwasha lile gari la nyumbani "hadi hapo dukani tu", nitumie funguo zake. Zote mbili, kaka, pamoja na ule wa akiba.