Koti Lile ni Langu

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo
Jumanne, 14 Mei

Mpendwa mdogo wangu Mapengo,

Salamu nyingi, na ni nyingi kweli, maana nimeziweka tangu mwezi wa pili. Hujambo? Shemeji hajambo? Na mwanangu, bado anagoma kulala mchana? Mgongo wako je, unauma bado ukitoka zamu ya hospitali? Nijibu hayo kwanza kabla hujajibu mengine, kwa sababu mengine yanaweza kukuudhi.

Sisi huku tu wazima. Goti la Mama limetulia, mdomo ndio haujatulia. Mimi macho yanauma kidogo kwa kukodolea tableti ya kuchorea kutwa, lakini nimepata miwani na nimeambiwa imenipendeza sana. Aliyeniambia ni muuza miwani.

Sasa nina jambo, na nikilizungukazunguka sitalisema. Nakuonea wivu. Si ule wa mzaha, wa kusema "jamani una bahati wewe". Huu ni wa kukaa nao mezani chai ikapoa. Nimeona nikuambie mwenyewe kuliko usikie kwa Mama, ambaye ndiye chanzo, ingawa hajui.

Unaijua ile katuni yangu ya mtandaoni, ya fundi saa. Najua huisomi, usijisumbue kunidanganya. Fundi ni msichana mtaratibu, nadhifu, aliyerithi duka la baba yake. Anatengeneza saa za watu huku yake mwenyewe imesimama. Nimemchora miaka mitano, kila Ijumaa ukurasa mmoja, niwe mzima niwe mgonjwa. Fundi ni mimi. Sikuwahi kumwambia mtu, nilidhani inaonekana.

Ukurasa wa kumi na mbili nilihitaji mtu wa kuingia dukani, aseme neno moja, atoke. Nikachora jirani mwenye pengo la mbele na koti la mvua la kijani, kaja kuazima ngazi. Hajatoka mpaka leo. Ni wewe mtupu, uliyekuja kwetu likizo ya wiki mbili ukakaa miaka kumi na moja, tena kitanda cha dirishani ukachukua wewe. Jina nikampa lako la utani, sikuwa na nafasi ya kuwaza jingine.

Basi, wiki iliyopita nilikwenda kwenye maonyesho ya katuni. Mara zote huwa nagawana meza na mtu, safari hii nilipata yangu peke yangu. Ni ukumbi mkubwa, meza zimepangwa kwa safu, kila mchoraji na bango lake na vitabu vyake, na watu wanapita, wengine wamevaa kama wahusika wanaowapenda. Kushoto kwangu alikaa kaka mmoja anayechora mazimwi ya kutisha, naye mwenyewe anaongea kwa kunong'ona. Mimi nilikuwa na kitabu changu cha kwanza kuchapishwa, na stika za aina mbili, za Fundi na za Mapengo. Nilizipanga marundo mawili yanayolingana.

Kabla ya saa sita mchana rundo lako lilikuwa limekwisha. La Fundi lilikuwa vilevile nilivyoliweka. Watu wanafika wananiuliza, "Mapengo yuko wapi?" utadhani mimi mlinzi wa geti lako. Halafu pale mtu akichukua kitabu, desturi ni kumchorea kitu kidogo ukurasa wa mbele. Pengo lako nimelichora mara hamsini na tatu kwa siku moja. Fundi aliombwa mara moja tu, na aliyemwomba alidhani ni Mapengo amefunga mdomo.

Haya yote ningeyameza. Lakini Mama alikuwepo. Alikuja kunisaidia, nikampa kiti na kitabu akae atulie. Alipokufikia wewe alipiga kelele mpaka safu nzima ikageuka. Kuanzia hapo kila anayesimama mezani anaambiwa, "Huyu ni mwanangu, yuko mbali, ni nesi. Ndivyo alivyo hasa, ona hata anavyocheka." Wanasikiliza, wanafurahi, wanapiga naye picha. Dada mmoja akamuuliza, "Na huyu fundi saa, mama, naye ni nani?"

Mama akamtazama Fundi. Akafunua ukurasa wa pili, akamtazama tena.

"Huyu? Huyu amembuni tu kichwani."

Mdogo wangu, nilikuwa nimeshika kalamu. Nilikaza macho kwenye karatasi nikaendelea kuchora pengo lako.

Kesho yake asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, nilikaa pale mezani nikachora namna ya kukufukuza. Mapengo anapata kazi mbali, anafunga mzigo, anaaga, anaondoka na haonekani tena. Kurasa tatu. Na niseme kweli, sijachora vizuri namna ile mwaka mzima. Nikazipanga zipande mtandaoni zote kwa mpigo Ijumaa hii. Nikajisemea, haya, tuone sasa watamtafuta nani.

Kaka wa mazimwi akachungulia begani kwangu. "Unamtoa Mapengo? Dada, watu watakuchomea meza."

"Meza si yangu, ni ya waandaaji," nikamwambia. "Wachome tu."

Saa tisa kukawa na mashindano ya mavazi ya wahusika. Akapanda jukwaani binti mmoja amejipaka rangi nyeusi kwenye jino la mbele, na mwilini koti la mvua la kijani lenye kifungo kimoja chekundu. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na zawadi ya kwanza akapewa yeye.

Kile kifungo chekundu, Mapengo, wewe unajua kilitoka wapi. Kilitoka kwenye blauzi yangu kuukuu, nikakishona mimi, kwa sababu koti lilikuwa langu. Nililinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Siku unaondoka mvua ilikuwa inanyesha, ukalichomoa msumarini pale nyuma ya mlango ukasema, "Dada, nalirudisha." Miaka sita hiyo. Leo ni koti la Mapengo. Watu wanashona la kwao majumbani, wanapanda nalo jukwaani, wanashangiliwa, na mwenye koti yuko chini anapiga makofi.

Binti akaja mezani kwangu kupiga picha. Mama akainuka, na goti lake lile, akamkumbatia. Akamfunga kifungo cha juu. Akamuuliza, "Umekula?" Binti akasema hajala tangu asubuhi. Mama akampa chakula changu.

Usidhani hapo nililainika. Wivu ulipanda mara mbili, na njaa juu yake. Lakini nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona. Muda wote binti anakula, Mama alikuwa ameshika mkono wa lile koti. Binti alipoinuka kwenda zake, Mama alichelewa kidogo kuachia.

Nimerudi nyumbani nikaanza sura inayofuata, Fundi akiwa peke yake dukani. Niliisubiri kwa hamu. Nilisema sasa atapata nafasi, atasikika. Nimechora kurasa nne. Anafungua saa, anafagia, anapanga skrubu kwenye kopo, na katika kila kisanduku, bila mimi kukusudia, uso wake umeelekea mlangoni. Neno la kumtia mdomoni sina. Nikarudi nyuma nikasoma kurasa zote za miaka mitano, na nikagundua kwamba msichana huyu hajawahi kuanza mazungumzo hata siku moja. Yote aliyowahi kusema alikuwa anakujibu wewe.

Nilikaa na hilo siku mbili, nikiwa nimenuna. Kisha nikakumbuka nilianza kumchora lini. Ni mwaka ule uliofuata wewe kuondoka.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Ijumaa Mapengo anaondoka, kwa sababu uliondoka kweli. Lakini nimeongeza ukurasa wa nne. Fundi anafunga duka, anakwenda nyuma ya mlango, anaona msumari mtupu. Kisha anafungua mdomo kabla hajasemeshwa na mtu, anasema, "Ameondoka na koti langu." Basi. Nitamwonyesha Mama kabla sijaupandisha. Akiuliza huyu anayedai koti ni nani, safari hii nitamwambia.

Wasomaji watanisumbua kuuliza Mapengo anarudi lini. Lakini kila nikijaribu kuchora anavyorudi, naishia kwenye mlango. Sijui siku hizi unatembeaje, sijui nywele umezikata au umeziacha. Mtoto wako nimemwona kwenye simu tu.

Nisalimie sana shemeji. Mwambie mwanangu mama yake mkubwa amemwekea stika moja ya Fundi, na zipo nyingine nyingi akitaka. Mama anakusalimu na anasema uache kusimama kutwa nzima bila soksi nzito. Mungu akulinde kwenye kila zamu, akupe mgongo mzima, na kwako pasikose kicheko.

Na koti usilitume kwa posta. Lilete mwenyewe.

Ni mimi dada yako, anayekuonea wivu na kukupenda, vyote kwa pamoja,

Fundi