Mzungumzaji Mkuu wa Istanbuli

Tunisi, 6 Februari 2018

Mjomba wangu mpenzi,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na goti limepunguza kuuma. Mkaza-mjomba Dalila je, kikohozi kimemwachia? Mimi sijambo, ila baridi ya huku mwaka huu inaingia mpaka mifupani. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu husikii, na hutaki kukubali kwamba husikii.

Nina habari. Rabati wamekubali makala yangu! Ni kongamano la fasihi simulizi ya wanawake, mwezi wa nne, siku tatu nzima. Makala zitakazopendeza zitatoka kwenye jarida lao, lile ambalo walimu wenzangu hapa chuoni wanalililia miaka nenda miaka rudi. Nitazungumzia nyimbo za wafumaji mazulia wa Kairuani. Unaona nimekuja upande wako.

Sasa ombi. Yale madaftari yako kumi na moja, uliyojaza miaka yote ile ukikaa na kina mama kwenye vitanda vyao vya kufumia, niazime hata mawili tu. Nitayarudisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama anakusalimu sana.

Mpwa wako,
Sondos


Kairuani, 15 Februari 2018

Mpwa wangu Sondos,

Waaleikum salaam, marahaba. Sisi wazima. Goti ni lile lile. Dalila hakohoi tena ila analalamika, kwa hiyo amepona. Nimekutumia makrudhi, vile vikeki vyako vya tende, kwa dereva wa teksi ya Tunisi. Boksi likifika limefunguliwa, ni yeye.

Hongera kwa Rabati. Habari ilinifika kabla ya barua yako, maana mama yako alimpigia Dalila, na Dalila akaupigia mji mzima. Jana nimeingia kahawani, Hamadi kinyozi akasimama: "Jamani, mpisheni mjomba wa daktari!" Miaka thelathini na sita nimefundisha Kiarabu katika mji huu. Huyo Hamadi mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Nilikuwa Mwalimu Tijani, leo nimekuwa mjomba wa mtu.

Madaftari hayawezi kutoka. Mwandiko wangu hutauweza, na karatasi zimeanza kukatika. Halafu, mwanangu, kuna vitu mtu anavitafuta kwa miguu yake. Nilipokuwa nikiingia nyumba za watu kuandika nyimbo hizo, maprofesa wenu walisema ni upuuzi wa wanawake. Mara mbili niliwapelekea makala. Mara ya kwanza waliniuliza nina digrii gani. Mara ya pili hawakujibu kabisa. Sasa upuuzi ule ule unapandishwa ndege.

Vaa nguo nzito. Rabati kuna upepo.

Mjomba wako,
Tijani


Tunisi, 14 Aprili 2018

Mjomba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mimi nimerudi salama, uchovu tu, na sauti imenikauka kwa kuongea.

Mjomba, ungeona! Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nyuma. Walinipa dakika ishirini, na mwenyekiti alishindwa kunikatiza. Madaftari ulininyima, basi nikaimba wimbo mmoja ninaoukumbuka tangu utotoni, ule wa bibi harusi anayeibembeleza sufu:

Sufu nyekundu, nenda polepole,
zulia likiisha, nami nimekwisha.

Profesa mmoja mkubwa wa hapo Rabati akauliza, "Binti, wimbo huu umeupata wapi?" Nikamjibu, "Nimeukuta Kairuani." Baadaye akanifuata kwenye chai akaniambia jarida litanitafuta. Na kweli wamenitafuta. Nimeshatuma makala.

Nakuwekea picha. Mwenye kadi ya jina shingoni ni mimi, kama hukunitambua kwa jinsi ninavyocheka.

Mpwa wako,
Sondos


Kairuani, 22 Aprili 2018

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu.

"Nimeukuta Kairuani." Umeukuta wapi, barabarani? Ulikuwa umedondoka mlangoni pa msikiti, ukainama ukauokota? Ulikulia nyumbani kwangu kila kiangazi, Sondos. Hukuona haja hata ya kusema "mjomba wangu"? Basi tuyaache hayo.

Nami nina habari. Juzi nimepokea barua pepe kutoka Jumuiya ya Kimataifa ya Maarifa na Utamaduni, Istanbuli. Imeanza hivi: "Profesa mashuhuri, umahiri wako umevuka mipaka." Wananitaka niwe mzungumzaji mkuu kwenye kongamano lao la Julai. Si msikilizaji, wala si mtu wa dakika ishirini. Mzungumzaji mkuu. Na nyimbo zangu zitatoka kwenye jarida lao hata kabla ya kongamano. Hawakuniuliza digrii. Nimelipa ada ya ushiriki, na fundi Lamini ameshanipima suti.

Nimemsomea Hamadi barua yote kwa sauti. Nikamwambia airudie mwenyewe, nihakikishe kwamba nilimfundisha vizuri.

Mpe mama yako habari.

Mjomba wako,
Tijani


Tunisi, 25 Aprili 2018

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na usiisome mbele ya Hamadi.

Watu hao si wa kweli. Barua hiyo wanaitumia watu maelfu. Mimi waliniandikia mwaka jana, neno kwa neno, wakinisifu kwa utafiti wangu wa figo. Jarida lao halina mhariri, halina mtu anayesoma makala kabla haijatoka. Anayelipa anachapishwa, basi. Na wimbo ukishatoka huko, majarida ya maana hayataugusa tena. Ni kama kuutumbukiza kisimani.

Usiwapelekee daftari hata moja, nakuomba. Wewe ndiye unayejua kuliko sisi wote. Tukae tuandike pamoja, nikutafutie mahali pa heshima.

Najua hutafurahi.

Mpwa wako,
Sondos


Kairuani, 2 Mei 2018

Sondos,

Salaam. Wazima.

Ulipokubaliwa wewe, ilikuwa elimu. Nilipokubaliwa mimi, ni utapeli. Sasa madaftari nimeanza kuyatoa, ndipo na wewe unataka tuandike "pamoja". Februari hukutaka pamoja, ulitaka kuazima.

Sema tu unaona wivu, nitakuelewa. Usiniandikie mpaka nirudi.

Tijani


Tunisi, 18 Juni 2018

Mjomba,

Idi njema, shikamoo. Nimekiuka amri yako kwa sababu ya sikukuu. Barua yako ya mwisho ulisahau kuandika "mjomba wako". Nimeigeuza nyuma na mbele nikiyatafuta hayo maneno mawili.

Nimefikiri sana uliyosema. Ni kweli nina wivu. Wale kina mama wanakuimbia wewe, mwanamume, nyimbo ambazo mimi wakiniona na kinasa sauti wanadai wamezisahau. Nina digrii tatu, na wewe una kile ambacho mimi najifanya ninacho. Usiku nawaza hayo madaftari kama mtu anavyowaza nyumba ya jirani.

Nina wivu, lakini ile barua ni ya uongo vilevile. Mambo yote mawili ni kweli.

Mama ananiambia suti imekukaa vizuri. Safari njema.

Mpwa wako, bado,
Sondos


Kairuani, 11 Julai 2018

Mpwa wangu Sondos,

Asalaam aleikum. Nimerudi. Mwili mzima, goti limevimba kwa ndege. Dalila anakusalimu. Anajua nakuandikia na amenifungia mlango nisisumbuliwe.

Hoteli ipo, sikatai. Ukumbi ulikuwa chini ya ardhi, karibu na mahali pa kufulia mashuka. Tulikuwa watu tisa. Mwanamke mmoja alitugawia kadi za shingoni. Yangu iliandikwa "Profesa Tijana, Magonjwa ya Ngozi". Nikamwambia, "Bibi, mimi ni wa nyimbo." Akasema, "Vaa tu, baba, hakuna anayesoma."

Alianza bwana mmoja wa Basra, mtaalamu wa ufugaji samaki. Halafu daktari wa meno kutoka Misrata. Halafu ikawa saa ya chakula. Tulikula kimya kama watu wa msibani, mpaka yule wa samaki akaniinamia: "Samahani mzee, na wewe ulialikwa kama mzungumzaji mkuu?"

"Ndiyo."

"Hata mimi."

Kulikuwa na mama mmoja wa Setifu, mhandisi wa zege. Akaweka uma chini. "Msiniambie," akasema.

Tukatoa barua zetu mezani. Maneno yale yale, Sondos. Wote tisa umahiri wetu ulikuwa umevuka mipaka. Daktari wa meno akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, na alipolia hakuweza kunyamaza, kwa sababu wanafunzi wake walimwandalia sherehe ya kumuaga.

"Sasa tufanyeje?" akauliza bwana samaki.

"Turudi ukumbini tusikilizane," akasema yule mama. "Mimi nimetoka Setifu. Leo lazima mtu asikilize zege langu."

Tukasikilizana mpaka jioni. Sasa najua kwa nini madaraja hupasuka. Zamu yangu ilipofika niliweka karatasi chini nikaimba, nao wakaniomba nirudie. Ndiyo kongamano langu lote.

Kuna jambo la pili. Niliwatumia nakala ya daftari la tatu, lile bora kuliko yote. Wamelichapisha kabla sijafunga mzigo. Mistari imechanganyika, na jina juu ni Tijana. Nimewaandikia walitoe, hakuna anayejibu.

Ulisema kweli, na mimi nilijua ni kweli siku ile ile nilipokusoma. Nilikwenda hivyo hivyo. Nilitaka walau mara moja katika maisha yangu mama yako apigie watu simu kwa ajili yangu.

Mjomba wako,
Tijani


Tunisi, 20 Septemba 2018

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi si mzima.

Jarida la Rabati wameisimamisha makala yangu. Kompyuta yao imeona kwamba wimbo wa sufu nyekundu, wote, ulishatoka Istanbuli mwezi wa sita kwa jina la Tijana, nami sikumtaja mtu huyo popote. Wanasema ni wizi wa maandishi; kwamba mimi nilituma Aprili hawajali, maana kilichotangulia kutoka ni chake. Mkuu wa idara ameniita ofisini, hakunikaribisha kiti. Mkataba wangu unaangaliwa mwezi wa kumi na moja. Kwenye ngazi watu wananisalimia haraka, kisha wanapunguza sauti.

Nimewaambia Tijana ni nani. Wamesema watakuandikia wewe moja kwa moja, na jibu lako ndilo watakalolifuata.

Sikuambii uandike nini.

Mpwa wako,
Sondos


Kairuani, 4 Oktoba 2018

Mpwa wangu Sondos,

Marahaba. Sisi wazima. Nimechelewa kujibu na nitakwambia sababu.

Barua ya Rabati ilifika tarehe ishirini na nne. Ni barua ya kweli safari hii, nimeikagua kila herufi. "Mheshimiwa Bwana Tijani, tunaomba ushahidi wako." Miaka yote nimeingoja barua kutoka kwa watu hao, na ilipokuja imekuja kuniuliza kama mtoto wa dada yangu ni mwizi.

Nitakuambia ukweli, unichukie ukitaka. Nilifurahi. Siku nzima nilifurahi. Nilikwenda kahawani nikaagiza chai ya mnanaa nikainywa polepole. Nikarudi nikaandika: "Ndiyo, wimbo ni wangu, na hakuniomba ruhusa." Ni mstari mmoja tu, tena hauna uongo. Nikautia bahasha, nikautembeza mfukoni siku tatu.

Siku ya nne Dalila alitaka kulifua koti akaikuta bahasha. Hakunigombeza. Akauliza tu, "Wimbo wako? Wewe umefuma zulia lini?"

Nikatoa daftari la tatu nikatazama ukurasa wenyewe. Nimeandika tarehe, Agosti 1991, na mtaa, na rangi ya sufu. Jina la aliyeimba sikuandika. Alikuwa Bi Mannubia, yule wa nyumba ya mlango wa kijani nyuma ya soko la sufu. Nawe ulikuwepo, una miaka sita, umeshika kibonge cha sufu ili paka asikichukue. Mimi nilisikia kwa kalamu, wewe ukasikia kwa masikio, basi.

Hayo ndiyo niliyowaandikia Rabati. Nimewaambia mpwa wangu hakuniibia mimi. Nimewaambia vilevile kwamba sote wawili tumesimama mbele za watu, yeye kwao na mimi Istanbuli, tukaimba wimbo wa mwanamke aliye hai bila kumtaja. Najua maneno hayo ya mwisho yanaweza kukuumiza, lakini yamo. Bahasha ya kwanza nimeichoma.

Mjomba wako,
Tijani


Tunisi, 27 Oktoba 2018

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hamjambo? Goti?

Rabati wamejibu. Si wizi, wamesema, na wamemwandikia mkuu wa idara yangu hivyo. Ila makala wameirudisha. Nianze upya, na jina la mwenye wimbo, na ridhaa yake. Haitatoka mwaka huu. Mkataba wangu wameuongeza mwaka mmoja badala ya mitatu.

Pale uliposema ulifurahi, nimepasoma mara nne. Lakini siku ile uliponiandikia kwamba wamekuita Tijana, wa Magonjwa ya Ngozi, mimi niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, tukacheka mpaka mlinzi akaja. Kwa hiyo tuko sawasawa.

Nimempigia Bi Mannubia. Ana miaka themanini na mbili na anasikia kuliko wewe. Nikamweleza yote, Rabati, Istanbuli, kompyuta. Akauliza, "Kwani mnagombania nini hasa, ule mfupi?" Anao mrefu, anasema, hajawahi kumwimbia mtu wa kalamu. Yuko tayari, ila atauimba mara moja tu, na sisi wote wawili tuwepo.

Nakuja Jumamosi kwa teksi ya asubuhi. Njoo na kalamu, mimi nitakuja na kinasa sauti. Nani ataketi karibu naye, tutagombana huko huko.

Mpwa wako,
Sondos