Usipepese, Kinasih

Solo, 2 Februari 1987

Gun mdogo wangu,

Assalamu alaikum. Hujambo? Na hilo goti lako halijambo? Sisi huku wazima, isipokuwa mama mkwe na kikohozi chake cha msimu wa mvua. Mimi nabandika manyoya ya bata kwenye vizibo kutwa nzima, vidole vimejaa gundi mpaka kalamu inaninasa. Vinyoya vya badminton ninavyotengeneza huenda ndivyo mnavyovipasua huko Salatiga, kwa hiyo msipige ovyo.

Kinasih ameanza vizuri? Nilipomwacha bwenini sikugeuka nyuma, nilijua nikigeuka nitaondoka naye. Yale niliyotamka mbele ya mwenyekiti wa klabu, kwamba kuanzia leo mtoto ni wenu na mkimwadhibu sitauliza, niliyatamka kwa moyo mmoja. Na ile fimbo ya henzirani nimeichagua mwenyewe sokoni. Wazazi wote wanaleta na kapu la matunda, mimi ningekwenda mikono mitupu watu wangesemaje?

Usimdekeze kijomba. Mkono anao, lakini mwoga. Akicheza karibu na wavu, kinyoya kikija usoni anafumba macho. Wewe ulikuwa hivyohivyo, Baba akakunyoosha. Bila fimbo ya Baba tungekuona wapi kwenye televisheni ukiwagaragaza Wadenmaki? Sasa goti limekutoa uwanjani, umekuwa kocha, nami nina mtoto wa kukupa. Mfanye kama wewe.

Dada yako,
Mulatsih

Salatiga, 15 Machi 1987

Dada,

Shikamoo. Waalaikum salaam. Mimi mzima, goti linauma kukiwa na baridi, na Salatiga kila asubuhi ni baridi. Mama mkwe apate nafuu.

Mwanao anakula, analala, anakimbia. Wiki ya kwanza aliangusha kinyoya wavuni mara mbili kwa uzembe, nikamvunjia raketi mgongoni. Ilikuwa ya mbao, ya zamani, usiisikitikie. Hakulia. Wenzake walimtazama walie naye, akawanyima hiyo nafasi. Nikasema, eh, huyu ni damu yetu.

Hawa wengine ni kazi, Dada. Yuniar, binti wa mwenye duka la vitambaa, alinijibu kwa kiburi nikamchapa mapaja mpaka akashindwa kukaa. Jioni baba yake akaja. Nikajua leo tutashikana mashati. Kumbe kaleta kuku wa kukaanga, anashukuru! Niambie kazi gani nyingine unampiga mtoto wa mtu halafu unapewa kuku.

Yuniar huyo nimempanga na Kinasih wacheze wawiliwawili. Yuniar anapiga nyuma, Kinasih anamalizia mbele. Mwezi wa nane kuna mashindano ya jimbo, Semarang. Akishinda yale, timu ya taifa Jakarta watamchukua. Hiyo ndiyo njia niliyopita mimi, hakuna nyingine.

Mdogo wako,
Gun

Solo, 8 Juni 1987

Gun,

Assalamu alaikum, na pole na uchovu wa Idi. Tulikungoja na wali wa nazi hukuja, Kinasih akasema umebaki na wale wasio na kwao. Huku hatujambo.

Alipokuwa hapa alikataa kuoga mbele yangu. Nikamvizia. Gun, huo mgongo! Nyekundu juu ya buluu juu ya njano. Nilisaga mchele na tangawizi nikamkanda, kama nilivyokuwa nikikukanda wewe, akauma taulo. Nikamuuliza, umefanya nini? Akasema, "Nilikosea mguu, Mama." Basi. Hakukusema vibaya hata neno moja. Sikukuu nzima alikuwa akijikunyata kila mtu akiinua mkono, hata mtu akinyoosha mkono kuchukua chumvi.

Sikuulizi, nilishatamka. Ila uso, ndugu yangu. Usimguse uso. Ni mtoto wa kike.

Dada yako

Salatiga, 19 Juni 1987

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Unataka bingwa au unataka bibi harusi? Niambie mapema nisipoteze nguvu zangu bure.

Unakumbuka lile pipa la maji uani? Nilishindwa na mtoto wa fundi baiskeli, pointi moja tu, Baba akanizamisha kichwa mpaka nikameza mbu. Wewe ulisimama mlangoni na taulo mkononi, ukingoja amalize. Hukusema uso, hukusema mgongo. Na miaka kumi baadaye ukawaita majirani waje kunitazama kwenye televisheni.

Kinasih bado anafumba macho. Kosa lake ni hilo moja tu. Nimempa zoezi la kusimama: mikono nyuma, mgongo ukutani, namfyatulia vinyoya kutoka karibu, akipepesa tunaanza upya. Mimi Baba alinifanyia hivyo kwa mawe madogo. Ataacha tu.

Mdogo wako

Solo, 3 Septemba 1987

Gunarto,

Salamu sina. Hali yangu usiulize.

Nakuandikia kwa sababu ulipokuwa chini ukiniambia "Dada, ngoja nieleze," sikutaka kusikia maelezo, na sasa nataka uyasome yako kwa maandishi yangu. Mwenyekiti wenu alinipa habari kwamba mtoto kateleza bafuni. Nikafika hospitali Semarang, bandeji nusu ya uso, naye ananiambia hivyohivyo, bafuni. Mmemfundisha vizuri. Yuniar ndiye aliyenivuta nje akanieleza, analia mpaka kwikwi.

Kwamba walifika nusu fainali. Kwamba pointi kumi na nne kwa kumi na tatu, kombora likaja, mwanangu akafumba macho, wakaangukia hapo. Kwamba hukusubiri hata mrudi Salatiga, ulimpeleka nyuma ya ukumbi ukamsimamisha ukutani, ukapiga vinyoya vya kapu zima, na kila akipepesa ulisogea hatua. Kwamba kizibo kilipomwingia jichoni alianguka, ukamwambia ainuke. Akainuka, Gun! Damu inamwagika, akarudi ukutani akaweka mikono nyuma.

Daktari anasema jicho la kushoto litaona mwanga na kivuli, zaidi ya hapo tusitegemee.

Nilichokufanyia ukumbini kwenu Salatiga sijutii. Ile henzirani niliinunua kwa pesa yangu, nikaitungua ukutani mwenyewe. Uliniacha nikupige uso mzima, hukuinua mkono hata mmoja, na meno yalipotoka uliyatema pembeni ukaniangalia. Unajua kilichonitisha? Wale watoto. Walikaa kwenye mstari wao, wima, kimya, wakitazama tu kama ni sehemu ya mazoezi. Hakuna aliyekuja kunishika.

Maneno niliyotamka kwa mwenyekiti nimeyatapika mbele yake mwenyewe. Mtoto ni wangu. Usije, usiandike.

Mulatsih, mama yake Kinasih

Salatiga, 20 Novemba 1987

Dada,

Shikamoo. Umenikataza kuandika, nimejizuia mpaka nimeshindwa. Jicho linaendeleaje? Nauliza kila siku, sina wa kunijibu.

Hawakunifukuza. Mwenyekiti kaiita ajali ya michezo. Wazazi wameongezeka, wameleta watoto kutoka mpaka Wonogiri, na kila mmoja na henzirani yake. Nimezipanga stoo, zimejaa nyuma ya mlango. Nimeacha kupiga, Dada. Nafundisha mikono ikiwa mfukoni. Watoto wanadhani naumwa. Baba yake Yuniar ameanza kulalamika kwamba nimelegea, wiki iliyopita kaja na mwingine wanataka kujua kama nimeokoka au nimeoa.

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Ile fainali yangu ya London mliyoitazama na majirani, niliposhindwa dakika za mwisho mkasema bahati mbaya. Haikuwa bahati. Seti ya tatu pointi zilipokaribiana, miguu yangu ilianza kungoja fimbo. Baba alikuwa kaburini miaka minne, nami niko mbele ya watu elfu kumi, nangoja anichape. Sikukiona kinyoya kabisa. Fimbo hazikunipeleka kule. Zilinirudisha.

Nilijua hilo, na bado nikampiga. Nilidhani nitapiga hadi ng'ambo ya pili, mahali uoga unapoisha. Hakuna ng'ambo.

Nakuomba kitu kimoja. Asirudi kwangu, hata akikulilia. Kwa wengine najizuia. Kwake yeye sijiamini.

Mdogo wako,
Gun

Solo, 14 Desemba 1987

Gun,

Assalamu alaikum. Kinasih hayupo. Ametoka leo alfajiri na raketi na rupia zangu za sokoni, na nguo aliyovaa.

Ningekuandikia mapema niliyoyaona, lakini nilikuwa nimekususa. Tangu Oktoba alikuwa akipiga kinyoya ukutani uani, na kila akikosa, kwa hilo jicho lazima akose, anavua kandambili anajichapa mapaja. Nilimnyang'anya kandambili, akatumia kiganja. Nilimfunga mikono kwa kanga yangu usiku mmoja nikilia, naye ananitazama tu. Nikamwambia, mwanangu, hakuna anayekudai kitu, acha. Akasema, "Bila Mjomba sijui kama nimekosea au nimepata." Nilimzaba kofi, Gun. La uso. Mimi. Nilidhani atanichukia. Akatulia siku nzima, akala vizuri.

Kama yuko huko mfungie nje. Mfukuze kwa mawe ikibidi. Usimguse, kwa jina la mama yetu usimguse, nipelekee habari tu nije.

Dada yako

Salatiga, 16 Desemba 1987

Dada,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa basi la Solo aifikishe mkononi mwako leoleo.

Yuko hapa, mzima. Aliingia juzi mchana katikati ya mazoezi, amelowa mvua, akakitoa kitambaa alichofungia jicho bovu akakitupa. Akaenda ukutani, mikono nyuma. "Kocha, nipigie." Nikamwambia rudi kwa mama yako. Hakusogea. Jana akasimama tena. Leo tena, tangu saa kumi na mbili, hakula. Nikaona nimrushie viwili vitatu taratibu aridhike aende zake. Aliviacha vikamdondokea miguuni.

"Unanihurumia mbele ya wenzangu?" akasema. "Au Mama alikung'oa na mkono pamoja na meno?"

Watoto wakacheka. Dada, wakacheka wote, na Yuniar. Mkono ukaenda wenyewe. Cha kwanza kilimpata kifuani, kingine shingoni. Nilisikia ninavyopumua nikamtambua Baba. Nikapiga kapu zima. Jicho lake lililo zima lilibaki wazi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, halikupepesa hata mara moja, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Vilipokwisha aliinama akaviokota vyote mwenyewe, kimojakimoja, akanijazia kapu akaniletea. Halafu akarudi ukutani.

Njoo umchukue. Njoo na watu wa kunishika. Mazoezi ya jioni yanaanza saa kumi.

Mdogo wako