Hatua Niliyosema Nimepewa na Roho

Ijumaa. Hapa Louisville mvua inanyesha tangu asubuhi, ile nyembamba inayokera tu bila kulowanisha.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wenzangu wa shule hawakisomi, na watu wa kanisa hawaujui ukurasa huu. Naomba iendelee hivyo.

Nimesema uongo juu ya Mungu.

Basi, nimeshaandika. Sasa nieleze.

Darasa letu la historia limekuwa likisoma zama za jazi, kama miaka mia iliyopita: tarumbeta, kumbi za dansi, wasichana waliokata nywele wakavaa magauni mafupi yenye nyuzi zinazoning'inia, nyuzi zinazoanza kucheza kabla hujacheza wewe. Mwalimu akataka tuwaonyeshe wazazi dansi ya Charleston. Mimi, nisiyenyoosha mkono hata jibu nikilijua, nikachaguliwa kwa sababu miguu yangu ilishika haraka. Visigino nje, visigino ndani, teke mbele, teke nyuma. Niliifanyia mazoezi kibarazani kwetu, mtaa wa Newburg, mama akidhani nahisi baridi.

Niliipenda. Nikiicheza sina aibu. Sijui huwa inakwenda wapi.

Kwaya yetu ni ya Warundi waliolelewa kambini Tanzania, na Baba ndiye mwalimu wake. Tunacheza, tena sana, lakini hatua lazima ziwe za kanisani. Ukileta za dunia unavuliwa sare, unakaa benchi la nyuma mpaka wazee waseme umesamehewa. Dada mmoja alikaa huko tangu Pasaka mpaka theluji ikaanguka, kwa sababu ya video ya harusi.

Mwezi uliopita, mazoezini, kibwagizo kilipochangamka miguu yangu ikaenda yenyewe. Mama Yolanda, mkuu wa kwaya, akapiga makofi kinanda kikanyamaza.

"We binti! Hiyo umeitoa wapi?"

Wote waligeuka. Neno "shuleni" lilikuwa ulimini kabisa. Lakini nililiona lile benchi, nikasikia sauti yangu ikisema, "Ilinijia nikiomba, Mama."

"Haleluya! Mnamwona mtoto wa mwalimu? Kimya kimya hivi, kumbe anaongea na mbinguni!"

Baba akasema amina. Aliisema taratibu, akiangalia chini, kama mtu aliyepewa zawadi mbele za watu.

Ile amina ndiyo inayoniuma.

Tangu siku hiyo hatua imesafiri kwenye simu. Kwaya ya Buffalo wameijua, ya Columbus wameijua. Kesho tunakutana sote Columbus, kwaya tatu ziicheze pamoja, na mimi nimepangiwa ushuhuda: nisimame nieleze jinsi Roho alivyonifundisha.

Sasa jana jioni tukafanya onyesho la shule. Wazazi wangu walikuwa kazini, ghalani. Nilivaa nyuzi zangu, shanga mpaka kitovuni, unyoya kichwani. Leo mchana shule imeiweka video mtandaoni. Sikumaliza hata chakula changu, ujumbe ukaingia kutoka kwa Ornella, binti wa shangazi, anayekaa Cheektowaga, kando ya Buffalo, na kuimba kwaya ya huko:

"Weee dada! Kumbe Roho anasoma shule yenu? Tena anavaa manyoya!"

Halafu mwingine: "Sijamwonyesha mama. Lakini ataona tu, unamjua."

Namjua. Shangazi huona kila kitu, na akiona huwa anaita majirani.

Nimefikiria kuugua. Lakini nikibaki kitandani watacheza bila mimi, na Mama Yolanda atatoa ushuhuda kwa niaba yangu. Uongo wangu utapanda gari uniache nyumbani.

Benchi naliogopa. Uso wa Baba naogopa zaidi.

Yuko sebuleni sasa hivi, anapiga pasi sare za kwaya.

Nitakwenda.

Saa kumi na moja. Nimerudi.

Nilianza kwa Kiingereza, kama kawaida yangu nikiogopa. Akainua mkono. "Kwa Kiswahili, binti yangu. Nataka nielewe vizuri."

Kwa Kiswahili iliuma zaidi. Nikasema yote, nikampa simu, akaitazama video mpaka mwisho. Kwenye unyoya hakucheka. Nilitamani acheke.

"Mwalimu wenu aliwaambia dansi hii ilitoka wapi?"

"Kwa watu weusi, Baba. Wa kusini mwa nchi hii, zamani."

"Kwa hiyo ina wenyewe."

Akanirudishia simu.

"Ina wenyewe, wewe ukawanyang'anya, ukampa Roho ambaye hakuiomba." Akarudisha pasi kwenye kitenge. "Na mimi nikaitikia amina."

Nikasema nisamehe Baba. Akasema amenisamehe, lakini si yeye peke yake aliyedanganywa. "Kesho watakupa maikrofoni. Mimi sitaishika."

Basi. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningelia, yakaisha. Alikunja sare moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye begi, akafunga zipu, akaliweka mlangoni tayari kwa safari ya alfajiri.

Sikuona kama yangu imeingia.

Begi liko pale, hatua nne kutoka hapa nilipokaa. Ningeweza kulifungua. Lakini nikiikuta sare ndani huenda nikajipa moyo kwamba Baba atanifichia, na nisipoikuta huenda nisipande gari kabisa.

Sitalifungua. Nimechukua sketi yangu ndefu ya shule na blauzi nyeupe, nimezitundika kwenye kitasa. Nguo ya mtu wa benchi la nyuma. Nitakayoivaa yoyote, sentensi ya kwanza ni ileile, nimeshaikariri kwa Kiswahili: "Hatua hii sikupewa nikiomba."

Ya pili bado sina.