Glasi ya Sita ya Mzee Josia

Shambani kwa mizabibu,
nje ya Cape Town.
Jumamosi jioni.

Kwako Mama,

Chamgei. Najua umeitikia hapo ulipo, nami huku nimesikia. Goti lako la kushoto linasemaje na baridi ya mwezi huu? Yule ng'ombe wa pembe moja amezaa, na kama amezaa, ni jike? Na chai ya kule juu karibu na barabara ya Litein, bado Chebet anaichuma peke yake ama mmepata mtu wa kumsaidia? Mimi ni mzima. Mikono tu ndiyo imechoka. Wakati huu tunapogoa mizabibu, kutwa nzima mkasi mkononi, na mvua ya huku inakuja ikiwa imelala pamoja na upepo, inakuingia masikioni. Jioni siwezi kukunja vidole vizuri, ndiyo sababu mwandiko ni huu unaouona.

Barua hii anakuletea yule mama wa Kapkatet anayeuza nguo huku, anarudi nyumbani Jumatatu. Simu sikutaka. Nikikupigia unaweka sauti kubwa na jikoni nzima inasikiliza, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi. Haya Chebet akusomee polepole, mlango ukiwa umefungwa.

Mama, Mzee Josia anakuja huku.

Ndiyo, huyo huyo. Mzee wa kanisa letu, Mzee Josia wa kamati. Mtoto wake wa Nairobi amewalipia yeye na mkewe safari ya siku nne, wapumzike, waone mji na mlima, waone wanyama, halafu siku ya mwisho waletwe kwenye mashamba ya mizabibu. Mtoto huyo alitafuta mtu wa nyumbani aliye Cape Town awapangie mambo na kuwatembeza, na yule mama wa nguo akatoa namba yangu. Ndivyo ilivyoniangukia. Sikuomba. Ningekuwa nimeomba, nisingepewa nafasi nzuri namna hii.

Mzee alinipigia mwenyewe nikiwa katikati ya mistari ya mizabibu.

"Wewe ndiye Wesley?" akasema. "Kijana wa nyumbani?"

"Ndimi, mzee."

"Nimeambiwa wewe ni kijana mwaminifu."

"Ninajaribu, mzee."

Basi. Akaanza kuniuliza habari za hoteli. Hakuuliza mimi ni wa kwa nani. Mama, unajua vile sisi watu wa kwetu tulivyo. Hata mtu akutane na mwenzake gizani atauliza kwanza wewe ni wa kwa nani, mamako ni nani, mnakaa upande gani wa mto. Mzee Josia hakuuliza. Mimi kwake ni mtu wa kubeba mabegi. Nikamwacha hivyo hivyo. Afadhali asijue mpaka siku yenyewe.

Kwa hiyo wiki mbili hizi, nikitoka shambani nikiwa hoi, ninakaa kitandani kupanga mapumziko ya Mzee Josia. Nakwambia ukweli, sijawahi kufanya kazi kwa furaha hivi.

Siku ya kwanza nimemwekea mlima. Kuna kibanda kinachopanda kwa waya mpaka juu kabisa, na chini yako hakuna kitu ila hewa. Aliniuliza, "Hakuna njia ya miguu?" Sauti yake ilikuwa imepungua. Nikamwambia hakuna. Njia ipo, Mama, watu wanaipanda kila siku na watoto wao. Hiyo nitatubu baadaye.

Siku ya pili ni pengwini, ndege wasioruka, wanaotembea wima ufukweni. Hiyo ni ya mkewe, nimeipanga vizuri, na gari lenye kipasha joto nimemtafutia. Alichukua simu akaniambia, "Kijana, nimeona picha zao. Wamevaa suti nyeusi na shati jeupe kama kamati ya kanisa, na wanatembea hivyo hivyo!" Nikamsikia mzee nyuma yake akisema, "Rael, wacha upuzi." Nilicheka mpaka mwenzangu akanitazama. Huyo mama sina neno naye. Nakumbuka ni yeye peke yake aliyekuja kwetu wiki ile na sukari, akaiacha mlangoni bila kusema kitu.

Siku hiyo hiyo nilitaka kuwapitisha palipo na nyani. Mzee akakataa. "Nimefukuza nyani mahindini maisha yangu yote, leo nipande ndege nikaone nyani?" Hapo hata mimi nilikubali. Siku ya tatu nimemweka kwenye mashua ya kwenda kuona sili, wale wanyama wa baharini wenye masharubu. Mtu wa kwetu ambaye hata mto akiuvuka anashika nguo za mwenzake! Nimechagua mashua ndogo. Mkewe atabaki nchi kavu na chai yake.

Lakini hayo yote ni michezo. Siku ya nne ndiyo siku yangu.

Juzi alinipigia tena, safari hii anaongea chini chini, nadhani alikuwa ametoka nje.

"Kijana, hapa kwenye orodha mtoto ameandika mashamba ya mizabibu. Hayo ni ya kuangalia tu?"

"Ni ya kuangalia na kuonja, mzee. Wanakuwekea glasi tano ndogo kwenye ubao."

 Nilisikia jogoo upande wake, nikapatamani nyumbani.

"Kuonja si kunywa," akasema.

"Si kunywa, mzee."

"Mtu anaonja tu ili ajue kitu chenyewe ni nini."

Mama, mkasi uliniponyoka. Nilikaa pale kwenye matope nikiwa na simu sikioni, nikakuona wewe.

Nilikuwa darasa la saba. Tulikuwa tumeita watu waje kutusaidia kupalilia, nawe ulikuwa umeloweka unga wa wimbi na mahindi siku kadhaa ili wapate uji wa kuchacha, maana mtu hashiki jembe kutwa kwa chai ya rangi. Nani alimwendea Mzee Josia kumwambia kwetu kunanuka busaa, ile pombe ya nafaka, sijajua mpaka leo. Alikuja na wazee wawili, akasimama juu ya chungu, akafunika pua na kitambaa chake. Wewe ulikuwa na kata mkononi. Ukamwambia, "Onja, mzee. Onja tu." Naye akasema, "Mimi nionje dhambi?" Akakisukuma chungu kwa mguu wake, kikapasuka kwenye jiwe la kusagia.

Kuku walikula ule unga mpaka jioni. Nilikaa nikiwatazama. Hakuna hata mmoja aliyelewa.

Jumapili jina lako likasomwa mbele ya watu. Ukarudishwa benchi la nyuma mpaka utubu, ukavuliwa kitambaa cheupe cha akina mama. Nawe ukasema, "Nitubu uji?" Ukaenda kukaa nyuma. Miaka kumi na minane, Mama, kila Jumapili, na sinia ya meza ya Bwana ikifika kwako Mzee Josia anaipitisha juu kama vile benchi ni tupu. Mimi shuleni waliniita Mtoto wa Busaa. Hata mwalimu alicheka. Muhula ule ule niliacha shule nikaenda kuchuma chai ya watu huko Kericho, na kutoka hapo nimechuma, nimebeba, nimepogoa, mpaka nikafika mwisho wa Afrika nikiwa bado natafuta mahali ambapo hakuna anayelijua jina hilo.

Mwanzoni nilipanga kumpiga picha tu. Mzee Josia na glasi mdomoni, niitume kwa kundi la simu la kanisa. Nililala na picha hiyo kichwani usiku kadhaa, tamu kama asali. Halafu nikafikiria. Wakiiona watamrudisha benchi la nyuma, na benchi hilo lina mtu. Awe anakaa kando yako, mnashiriki kitabu cha nyimbo? Sitaki. Hilo ni benchi lako, yeye asikae hapo.

Ndipo nikapata hili lingine. Nilinunua unga wa mahindi na wa wimbi kwa duka la Mzimbabwe, nikauloweka kwenye ndoo chini ya kitanda changu. Ninakaa chumba kimoja na Banda, mtu wa Malawi, mtu mzuri ila pua yake ni ya mbwa. Siku ya tatu aliingia akasimama mlangoni.

"Wesley! Umeanza kupika pombe humu? Tutafukuzwa!"

"Si pombe," nikamwambia.

Akavuta ndoo. Akaingiza kidole, akakilamba. Akatazama dari kidogo.

"Aa," akasema, "ni uji." Akalala.

Kidole kimoja, Mama. Haikuchukua muda wa kufunga kamba ya kiatu. Mtu mwenye uchovu, asiyenijua, asiyekujua wewe, alichohitaji ni kidole kimoja. Nililia, sitakuficha. Nililia kwa hasira, nikiwa nimegeukia ukuta ili Banda asiseme kitu.

Basi mpango ni huu. Siku ya nne nitawaleta hapa shambani kwetu, maana ninajua dada anayehudumia wageni na amekubali. Mzee Josia atawekewa ubao wake wa glasi tano. Ataonja ya kwanza akikunja uso, ya pili akikunja kidogo, ya tatu atauliza inatoka upande gani wa shamba. Nimewaona wageni wa namna yake. Banda atapiga picha, kama wanavyopigwa wageni wote. Halafu nitaleta glasi ya sita mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa shati safi.

Nitasema, "Onja, mzee. Onja tu."

Ataonja. Siku nne atakuwa hajala kitu cha nyumbani, tumbo litakuwa limechoka na mkate na samaki. Nina hakika atafurahi. Atasema kwa sauti, mbele ya mkewe na mbele ya simu ya Banda inayorekodi, "Ah! Huu si uji wa kwetu?" Nami nitamwambia, "Ndio, mzee. Ni uji. Mimi ni wa kwa Tabitha. Sasa ndio umeonja."

Halafu nitamtazama. Hiyo ndiyo sehemu ninayoingojea kuliko zote. Sitamtukana. Nitamwonyesha ile picha ya glasi tano na nitampa njia mbili. Arudi nyumbani, Jumapili ya kwanza asimame pale pale aliposimama akasoma jina lako, alisome tena, na aseme kilikuwa chungu cha uji na hakuonja. Akishindwa, picha itafika kwenye kundi la kanisa kabla ya sahani za chakula kuoshwa, na hapo utanivumilia kwa kupata jirani kwenye benchi.

Najua utakachosema. Utasema niache, utasema Mungu aliona chungu kile. Mungu aliona, lakini hakusema kanisani, na mimi nataka kisemwe kanisani. Kusamehe ni kwako, umekuwa ukisamehe miaka yote hiyo na hakuna aliyekuomba msamaha. Mimi sijasamehe. Nikimaliza nitajaribu.

Sasa nakuomba kitu kimoja, na hii ndiyo sababu kubwa ya barua. Uji wangu si kama wako. Wa kwanza ulikuwa mkali mno, wa pili ukafanya ukungu juu. Hapa kuna baridi na sijui kama niongeze siku. Wewe uliloweka siku ngapi? Unga wa wimbi ulikuwa mwingi kuliko wa mahindi ama sawa? Na uliufunika kwa nini? Mwambie Chebet aniandikie kwa simu, aandike tu hesabu ya siku na vipimo, asitaje jina la mtu. Sitaki Mzee Josia aonje uji wowote tu. Nataka aonje ule ule.

Msalimie Chebet dada yangu, mwambie viatu vyake viko kwenye mfuko wa yule mama, aangalie vizuri chini ya blanketi. Msalimie mjomba anayetuchungia ng'ombe, na bibi mzaa baba kule Sosiot, mwambie meno ya kuweka ninayafikiria. Salamu kwa shangazi mwenye kibanda cha mboga. Mama Rael ukimwona sokoni, msalimie kwa heshima, usimwambie kitu; habari ya kubeba sweta nzito nitamwambia mwenyewe kwa simu. Mzee Josia usimsalimie. Salamu zake nitampa mwenyewe.

Na kile kitambaa cheupe, kama hawakukichukua kabisa na bado kiko chini ya sanduku, Chebet akitoe akifue. Kianikwe mbele ya nyumba, upande wa barabara, watu wakione.

Mimi mwanao niliye mbali,

Wesley Kipkirui,
Mtoto wa Uji.