Mishumaa na Mtungi wa Baba

Hazel Fork, Kentucky
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Kaka yangu mpendwa Lowell,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Verlene. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Wifi Janine na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua tangu walipokuhamishia kwenye kazi ya kukaa hapo kiwandani. Mimi sijambo. Majani yameanza kupukutika mlimani, na maboga ya Mama Mdogo Zelda mwaka huu yamenenepa hadi anayapitia kila asubuhi kuyajulia hali.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Usinikasirikie, Kaka, nikisema ukweli: kila nikikupigia na kutamka neno Baba, wewe hukumbuka kuna kitu kinaungua jikoni. Barua haikatiki kama simu. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata kama ni kwa hasira.

Nianze na habari za shule. Bado nasoma pale chuo cha jamii, kozi ya tiba ya upumuaji, na Mungu akipenda nitamaliza mwakani. Vijana wananiita Bi Verlene na kunifungulia milango kana kwamba nimebeba trei ya mayai. Mwanzoni mwa muhula ilikuja barua kwamba alama zangu zimeniwezesha kualikwa kwenye chama cha heshima cha wanafunzi. Nikaitupa kwenye taka. Baba alinisifu kwa hilo, akasema ukiona mtu usiyemjua anakusifia, shika mfuko wako.

Basi siku ya vilabu, meza zimepangwa uwanjani, klabu ya uvuvi huku, ya wauguzi kule, ya Biblia pale, kila mmoja anakuvuta kwa kipande cha piza, nikasikia naitwa. Alikuwa binti mmoja, Kaylin Fugate, mwenyekiti wa kile chama cha heshima. Akaniuliza mbona sikujibu mwaliko. Nikamwambia nilidhani ni matapeli. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema hata yeye alitupa wa kwake, na kwamba katika kaunti hii wanachama wengi waliingia kwa kufuatwa namna hiyo hiyo. "Sisi hatujazoea kuitwa kwa jambo jema, Bi Verlene," akasema. Nimelifikiria sana neno hilo.

Wanachama wapya huapishwa hadharani, na kila mmoja huja na watu wake. Nilipomwambia Baba, sikutegemea lolote. Unamjua. Shule aliiacha darasa la nane, na hajawahi kukanyaga sherehe yoyote ya shule, wewe ndiye shahidi mkuu wa hilo. Lakini aliuliza ni lini, akaniagiza nimnyooshee shati jeupe la kanisani, na tangu hapo lilining'inia mlangoni kwake, ole wake atakayeligusa.

Tatizo likawa mishumaa. Desturi ya chama ni kuzima taa za ukumbi, kuwasha mshumaa mkubwa katikati, na kila mwanachama mpya huwasha wake kutoka kwenye ule, kisha wote wanaapa wakiwa wameushika moto mkononi. Na Baba, tangu vumbi la makaa ya mawe limalize mapafu yake, hatoki bila mtungi wa oksijeni na mpira wake puani. Huku kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba oksijeni na moto havilazwi chumba kimoja. Lile tangazo jekundu la kukataza moto liko kwenye nusu ya milango ya bonde hili. Jiko la gesi la marehemu Mama tuliling'oa kwa sababu hiyo.

Kwenye mkutano wa maandalizi, ambao sisi wapya nasi tulipewa kura, nikapendekeza mishumaa ya betri. Dustin wa klabu ya uvuvi akasema hata samaki hadanganyiki na taa ile, watu wakacheka. Kaylin hakucheka. Alisema mama yake, ambaye sasa ni marehemu, aliapishwa katika chama hiki hiki, na kipande cha mshumaa wake kimebaki. Yeye Kaylin alikuwa amekitunza kwenye droo ya soksi miaka yote hiyo, na usiku wa kiapo ndio alipanga kukiwasha. "Mama yangu alishika moto, Bi Verlene," akasema. "Hakushika tochi." Kaka, kila mmoja wetu alikuwa na mzazi wake mezani pale, mmoja hai na mmoja kaburini, na wa kwangu akashindwa kwa kura.

Mwalimu mlezi wetu, Bi Haddix, alijitahidi kutafuta njia. Akasema Baba anaweza kuketi chumba cha jirani na kutazama kupitia kioo. Nikampelekea Baba habari hiyo kama mtu anayepeleka sahani ya mabaki. Aliangalia shati lake pale mlangoni, kisha akasema, "Hapana. Nimekaa nje vya kutosha." Nilidhani anazungumzia maradhi. Baadaye akaniambia nisihangaike, kwamba yeye na jirani yake Hobert wameshapanga namna.

Siku yenyewe ilipofika nilimwona ameketi safu ya nyuma, shati limenyooka, nywele zimechanwa kwa maji. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Mpira haukuwepo puani. Mtungi wameuacha kwenye gari la Hobert, na taa zilikuwa zimeshazimwa.

Kaka, mimi nasomea pumzi. Najua mtu anavyoinua mabega anapokosa hewa, na midomo inavyobadilika rangi. Nilisimama pale na mshumaa unawaka mkononi, natamka kiapo, na jicho langu liko kwa Baba. Nikapiga hatua moja kumfuata. Akatikisa kichwa, hapana, akanionyesha kwa kidole niendelee. Nilimchukia kwa dakika ile na nikampenda kuliko siku zote, na sikujua nifanye lipi. Nikaendelea kuapa kama mjinga.

Aliyekata shauri ni Kaylin. Alikuwa amesimama mbele yetu na kile kipande cha mama yake, kimeshaanza kuyeyuka vidoleni. Akafuata macho yangu hadi safu ya nyuma. Babu yake naye alikufa kwa vumbi hilo hilo, hakuhitaji kuelezwa. Akauzima mshumaa wa mama yake kwa pumzi moja. "Zimeni," akasema. "Jamani, zimeni zote. Dustin, mtungi wake utakuwa garini, kimbia!" Hobert akamrushia ufunguo, ukumbi ukajaa moshi wa tambi za mishumaa, wakafungua milango yote, Dustin akarudi amekumbatia mtungi kama mtoto mchanga. Nilimvisha Baba mpira mwenyewe. Alikuwa akinigombeza kwa macho kwamba nimeharibu sherehe.

Hatukuiharibu. Tuliapa upya taa zikiwa zimewaka, mikono imekunjwa kifuani kana kwamba bado imeshika kitu. Wakaita majina. Langu lilipotajwa Baba alipiga makofi peke yake, mapema kabla ya watu, na akaendelea baada yao. Kaylin nilimkumbatia kwa nguvu. Akaniambia mama yake angemchapa kama angefanya vinginevyo.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Baba ameniomba nisikuambie, nami namvunjia ahadi nikiwa na akili zangu timamu.

Njiani kurudi nilimgombeza. Nilimuuliza ni sherehe gani inayostahili kufa kwa ajili yake. Hobert akawasha redio kwa adabu. Tulipovuka daraja Baba akasema alishakaa nje ya sherehe ya mtoto wake mmoja, hakutaka kukaa nje ya ya pili.

Kaka, ile siku ulipohitimu, Baba alikuja.

Anasema zamu ilichelewa kutoka mgodini, akaja moja kwa moja bila kuoga, na alipofika milango ya ukumbi ilikuwa imefungwa. Kupitia dirishani aliwaona mchungaji na meneja wa mgodi safu ya mbele na suti zao. Akajitazama, mweusi kwa makaa kuanzia kofia hadi buti, akaogopa kukutia aibu. Akasimama nje chini ya kipaza sauti cha ukutani akisubiri jina lako. Ulipotoka alikuwa ameshaenda kuoga, ili arudi kama mtu. Kilichofuata unakijua: uliyomwambia mbele ya watu jioni ile, kwamba hakujali hata kuja, na asubuhi yake ukaondoka na Mjomba Estil kwenda Indiana. Nilimuuliza kwa nini hakukujibu. Akasema mwanzoni ilikuwa kiburi, na kiburi kilipoisha akaona utasema ametunga.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Sikuandikii kukuambia hukuumia. Uliumia, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, angesema. Hilo nimemwambia usoni.

Lakini kuna kitu alichosema ambacho siwezi kukipima mimi. Anasema walipofika kwa wanafunzi wa herufi ya jina letu, kipaza sauti kilikatika. Kukawa kimya, akasikia watu wanacheka ndani, akaona basi, jina la mwanawe limempita. Kisha sauti ikarudi na wakakuita mara ya pili. Lowell Stidham. Anasema tangu siku ile anamshukuru Mungu kwa waya mbovu.

Mimi nilikuwa na miaka sita, nimelala mapajani mwa Mama. Mama hayupo. Katika familia hakuna anayejua kama kweli jina lako liliitwa mara mbili isipokuwa wewe uliyesimama pale ukisubiri. Kama haikuwa hivyo, ichane barua hii na usinijibu. Kama ilikuwa hivyo, njoo nyumbani. Njoo upesi, maana daktari ameacha kuzungumza nasi habari za masika yajayo, na pumzi aliyobaki nayo inatosha maneno machache tu. Ningependa ayatumie kwako.

Nisalimie Wifi na watoto. Mama Mdogo Zelda anakusalimu na amekutengea boga. Hobert naye anakusalimu. Baba hajui nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake sina. Shati lake jeupe nimelifua, akaniambia nisilirudishe kabatini. Liko mlangoni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Verlene Stidham