Kinyago cha Watu Wawili

Jericho, Nairobi,
16 Septemba 1996.

Mpendwa kaka Muindi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huko Lusaka mwaendeleaje? Kifua kimepoa, au bado unalala dirisha wazi kwa ukaidi wako? Sisi tu wazima. Goti la Baba humsumbua kukiwa na baridi, lakini bado anachonga pale nje ya mlango, nami bado nafagia vumbi lake.

Siku hizi kila Jumapili jioni jirani yetu, Mama Nasike, huja na kigoda chake kutazama mchezo wa televisheni. Ni familia moja ya kitajiri. Pete ya marehemu mama yao imepotea, kila mmoja anamshuku mwenzake, na hakuna anayeuliza. Wanapitishiana sukari tu. Picha yetu ina chenga nyingi, hata watu wale huonekana kama wanaishi ndani ya mvua. Mimi husinzia, na nikizinduka sijui kama niko kwao au kwetu.

Maana kwetu ni vivyo hivyo. Tangu uondoke baada ya mazishi ya Mama, miaka miwili sasa, jina lako halijatajwa mbele ya Baba. Kiti chako hakuna anayekikalia.

Jana Mama Nasike alimnyooshea kidole binti mdogo wa ile familia ya televisheni. "Ni huyu. Si mnaona vile amenyamaza?" Baba akacheka kidogo. Mimi nikashika ufagio.

Kaka, kile kinyago cha watu wawili, Baba na Mama, alichokichonga mwaka wa harusi yao, nilikichukua mimi. Siku tuliyomzika Mama kule kijijini Wamunyu, kabla jeneza halijafungwa, nilikiingiza chini ya leso aliyofunikwa nayo. Sikutaka alale peke yake.

Baba alipokikosa alikushuku wewe kuwa umekiuza, kwa kuwa ndiwe uliyekuwa ukimpelekea vinyago vyake kwa wanunuzi. Nilitaka kusema. Kisha mkagombana, ukabeba begi lako, na kila siku iliyopita ikanizidishia woga. Naona haya sana, kaka. Nisamehe ukiweza.

Mama Nasike alipokwenda kusonga ugali wake, nilimwambia Baba yote. Hakupaza sauti. Aliendelea kutazama zile chenga mpaka mchezo ukaisha, sijui aliona nini. Halafu akauliza, "Ulikiweka upande gani?"

Nikamwambia, upande wa kushoto, karibu na mkono wake.

Akaitikia kwa kichwa. "Basi ni sawa." Akainuka kuzima televisheni. "Na Muindi, anakaa wapi siku hizi?"

Neno la samahani hakulitamka; unamjua. Lakini leo asubuhi amechagua kipande cha mpingo, anataka kukichonga upya kile cha watu wawili. Amekishika tangu alfajiri bila kukitia tezo. Anasema kidevu cha Mama kimemtoka akilini, na ni wewe pekee uliyekirithi. Uje, akutazame.

Nisalimie wifi Nzisa, na umbusu Kivuva mdogo kwa niaba ya shangazi yake. Mama Nasike anakusalimu pia. Mungu akulinde barabarani, na akulainishe moyo.

Wako akupendaye, niliyekuacha ubebe lawama isiyo yako,

Nthoki